Kupanga Masomo ya Sekondari: Uamuzi Mkubwa Uko Kidato cha Pili

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya kidato cha nne mwezi Januari, familia nyingi za Kata ya Sokon I huizunguka simu moja yenye kifurushi, na namba ya mtahiniwa husomwa kwa sauti huku mwingine akiitafuta kwenye orodha. Swali la kwanza huwa moja: amepata daraja la ngapi? Swali la pili huulizwa miezi kadhaa baadaye, aghalabu na mtumishi wa ofisi ya udahili chuoni: alisoma masomo gani? Hilo la pili ndilo linalowarudisha baadhi ya vijana nyumbani na bahasha ya vyeti kwapani.

Daraja hupatikana kidato cha nne. Masomo huchaguliwa mwishoni mwa kidato cha pili, mtoto akiwa bado mdogo, na mara nyingi mzazi hajui hata kwamba siku hiyo kulikuwa na uamuzi wowote. Makala haya yanaeleza uamuzi huo hufanyikaje, hufunga na kufungua milango ipi, na mzazi au mlezi afanye nini kabla jina la mtoto halijaandikwa katika mkondo mmoja au mwingine.

Binti wa daraja la tatu na kijana wa daraja la nne

Ulinganisho ufuatao si wa watu halisi. Umetungwa ili kanuni zionekane zikifanya kazi.

Binti wa kwanza alitamani uuguzi tangu alipokuwa akimsindikiza bibi yake kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Kidato cha tatu aliacha Fizikia kwa sababu aliiona ngumu na rafiki zake wote walikuwa wameiacha. Kidato cha nne alipata B ya Kiswahili. C za Uraia, Historia, Jiografia na Biolojia. D za Kiingereza na Kemia. Na F ya Hisabati. Kijana, jirani yake, alipata C moja tu, ya Kiswahili, pamoja na D za Fizikia, Kemia na Biolojia. Masomo mengine yote alipata F.

Hesabu ya pointi ni hii. Alama A, ya kuanzia 75 hadi 100, ina pointi 1. B, ya 65 hadi 74, ina pointi 2. C, ya 45 hadi 64, ina pointi 3. D, ya 30 hadi 44, ina pointi 4. Na F, iliyo chini ya 30, ina pointi 5. Huhesabiwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Jumla ya pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Ndiyo maana katika mtihani huu pointi chache ni heri kuliko nyingi, jambo ambalo bado huwachanganya wazee waliozoea alama za darasani.

Binti, basi, ana pointi 2 za Kiswahili, 12 za zile C nne na 8 za zile D mbili. Jumla ni 22, daraja la tatu. F yake ya Hisabati haikuingia kabisa katika hesabu, kwa kuwa alikuwa na masomo manane na lile baya zaidi likaachwa nje. Kijana ana pointi 3 za Kiswahili, 12 za D tatu za sayansi na 15 za F tatu zinazohitajika kutimiza masomo saba. Jumla ni 30, daraja la nne.

Mtaani, pongezi zingekwenda kwa binti. Lakini mwongozo wa udahili unaotolewa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) unadai, kwa stashahada ya Uuguzi na Ukunga, ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. Stashahada ya Utabibu inadai masomo hayo hayo. Kijana anazo sifa za chini za kuomba, ingawa nafasi hushindaniwa na wenye alama nzuri zaidi humtangulia. Binti hawezi kuomba. Amefaulu masomo saba, naye amefungiwa mlango na lile moja ambalo hakulifanya.

Kuacha Fizikia si kosa. Mwanafunzi anayetaka sheria, uandishi wa habari au ualimu wa lugha haihitaji, na saa alizokuwa akiipambania zinaweza kumpa B mahali pengine. Kosa ni kuiacha bila kujua kinachoachwa pamoja nayo.

Uchaguzi hufanyikaje shuleni

Kwa mtaala ambao bado unatumiwa na madarasa yaliyoanza nao, masomo saba ni ya lazima kwa miaka yote minne: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Fizikia na Kemia husomwa na wote kidato cha kwanza na cha pili. Baada ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, unaofanyika mwezi Novemba, na baada ya matokeo yake kutoka Januari, wanafunzi wanaovuka kwenda kidato cha tatu hugawanywa: wa sayansi huendelea na masomo hayo mawili, wa biashara huchukua Biashara na Utunzaji wa Hesabu pale yanapofundishwa, na wa sanaa hubaki na yale saba pamoja na somo la nyongeza.

Mgawanyo huo hukamilika kwa muda mfupi. Mwalimu wa taaluma huangalia alama za upimaji, mwanafunzi huulizwa anataka nini, na wiki ya pili ya muhula vitabu vimekwisha kugawiwa. Katika shule ambazo mwalimu wa Fizikia ni mmoja kwa mikondo mingi, si ajabu mwanafunzi mwenye alama za wastani akaona njia nyepesi ni kuondoka. Mzazi anaweza kumwomba mkuu wa shule fursa ya kuzungumza juu ya mgawanyo huo kabla haujawa wa mwisho. Ombi hilo ni la kawaida na mwalimu mzuri hulipokea kwa furaha, kwa sababu mzazi wa namna hiyo ni msaada kwake.

Inafaa pia kukumbuka maabara. Katika awamu ya Rais Jakaya Kikwete kila sekondari ya kata iliagizwa kuwa na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, na wananchi katika kata mbalimbali walichangishwa fedha, mchanga na nguvu zao. Ni haki ya mzazi kuuliza maabara ya shule ya mtoto wake inatumiwa mara ngapi kwa wiki, maana mtihani wa vitendo wa kidato cha nne haumsubiri mwanafunzi aliyeviona vifaa kwa mara ya kwanza mwezi mmoja kabla.

Kupanga kwa kuanzia mwisho

Njia yenye kutegemewa ni kuanza na kazi au chuo ambacho mtoto anakitazamia, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kidato cha pili. Wakazi wa Sokon I wana bahati katika hili, kwa kuwa vyuo vya aina nyingi viko karibu na mtoto anaweza kupelekwa kuviona kwa nauli ya daladala.

Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, kinafundisha uhandisi wa ujenzi, umeme, mitambo na fani nyingine. Kwa programu hizo Hisabati na Fizikia ndizo lango. Chuo cha Uhasibu Arusha, kule Njiro, kina ngazi nyingi, na astashahada ya awali katika fani kama uhasibu huanza na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Lakini anayelenga kufika shahada ya uhasibu au uchumi atakutana na Hisabati njiani, apende asipende. Njiro hiyo hiyo kuna chuo cha VETA cha Hoteli na Utalii. Upande wa Tengeru kuna mafunzo ya mifugo, ya kilimo cha bustani na ya maendeleo ya jamii. Katika mji unaoishi kwa utalii, Kiingereza, Jiografia na lugha ya tatu kama Kifaransa ni mtaji ambao familia nyingi hauzithamini mpaka kijana anapokwenda kuomba kazi ya kuongoza wageni.

Hisabati inahitaji kusemwa peke yake. Kwa kuwa ni ya lazima na wengi huifeli, imezoeleka kuonekana kama mvua ya masika: kila mtu atalowa. Mfano wa yule binti unaonyesha hatari ya mazoea hayo. F yake haikugusa daraja lake, kwa hiyo hapakuwa na mtu nyumbani aliyeihangaikia. Lakini itamzuia kuchukua tahasusi yoyote yenye Hisabati, na itatokea tena katika programu nyingi za biashara, uchumi na ufundi ambazo hudai angalau D ya somo hilo. Kutoka F hadi D ni safari ya kufikia alama 30 kwa mia. Mwanafunzi anayeanza mazoezi ya kila siku kidato cha tatu ana muda wa kutosha kuifika. Anayeanza mwezi Septemba wa kidato cha nne hana.

Kidato cha tano na tahasusi

Wanaotaka kuendelea na kidato cha tano hupangiwa shule na ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Vigezo vya msingi ni kupata angalau C tatu au alama zaidi katika masomo yasiyo ya dini, kutozidi pointi 25 katika masomo saba, na kuwa na pointi 3 hadi 10 katika masomo matatu ya tahasusi bila F hata moja. Kwa lugha nyepesi, C mbili na D moja katika tahasusi ni pointi 10, na huo ndio mpaka.

Binti wa mfano wetu ana pointi 8 kwa Historia, Jiografia na Kiswahili, yaani HGK. Kwa Kemia, Biolojia na Jiografia, yaani CBG, ana pointi 10 kamili. Milango hiyo miwili iko wazi kwake, ingawa ule wa pili umefunguka kwa shida na ushindani wake si mdogo. PCB haipo kwa sababu hakufanya Fizikia. EGM haipo kwa sababu ya Hisabati.

Mwezi Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, na jumla ikafikia 65, katika makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa na elimu ya dini. Ni hatua nzuri, hasa kwa watoto ambao vipaji vyao havikuwa na jina katika orodha ya zamani. Hata hivyo tahasusi ngeni huvutia kwa upya wake, na kabla ya kuichagua ni busara kufungua mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na kutazama ni shahada zipi zinazoipokea. Kwa ujumla chuo kikuu hudai ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye jumla ya pointi 4, na huko hesabu imegeuka: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Pointi nyingi ndizo bora. Tena masomo hayo mawili yawe yale ambayo programu imeyataja. D mbili za masomo yasiyotajwa hazimfikishi mtu popote.

Uchaguzi wa tahasusi na vyuo hujazwa shuleni kabla ya mtihani, katika fomu inayojulikana kama Selform. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo katika mfumo wa mtandaoni. Dirisha hili hupuuzwa na wengi, nalo ndilo nafasi ya mwisho ya kusahihisha chaguo lililofanywa kwa kukisia. Mwanafunzi aliyeandika PCM akitarajia B, kisha akapata F ya Hisabati, asipobadilisha anaweza kuachwa nje ya uteuzi ilhali alikuwa na sifa za HGL. Namba ya mtihani, mwaka na taarifa zilizotumiwa wakati wa kujaza Selform zihifadhiwe nyumbani, kwa kuwa ndizo zinazohitajika kuingia.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma iliondolewa Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka wa masomo ulioanza Julai 2022. Gharama zinazobaki ni za nauli, godoro, sare na mahitaji yaliyotajwa katika fomu ya kujiunga, na si ndogo, hasa mtoto anapopangiwa shule iliyo mkoa wa mbali. Familia inayojua mapema kwamba mtoto analenga kidato cha tano hupata karibu miaka miwili ya kuweka akiba kidogo kidogo.

Mlango uliofungwa hufunguliwaje

Binti wa uuguzi hajapoteza kila kitu. Anaweza kujisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya Fizikia, na Hisabati pia akipenda. Usajili huo huanza mapema mwakani, Januari, na anayechelewa hulipa ada kubwa zaidi. Kwa hiyo uamuzi unapaswa kufanywa katika majuma yale yale ambayo matokeo yanatoka, wakati nyumba bado imeinama. Fizikia ina sehemu ya vitendo, basi kituo kitakachochaguliwa kiwe na maabara na mwalimu wa kuisimamia. Ni mwaka mzima wa kusoma tena, na bado ni mfupi kuliko maisha katika kazi asiyoitaka.

Ambaye hakumaliza sekondari kabisa anaweza kuanza na Mtihani wa Maarifa, unaofahamika kama QT, kisha akaendelea hadi kidato cha nne akiwa nje ya mfumo wa shule. Na kwa msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurudi katika shule ya kawaida. Mlezi aliyeambiwa vinginevyo apeleke suala hilo kwa Afisa Elimu Kata.

Ipo pia njia ya kupitia stashahada, ambayo wazazi huidharau bila sababu. Kijana anayetoka kidato cha nne kwenda chuo cha kati, akamaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada katika fani hiyo. Anafika chuo kikuu akiwa tayari na kazi mkononi.

Mtaala ulioboreshwa

Tangu Januari 2024 mtaala mpya unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, unaingia shuleni kwa awamu. Sekondari ya chini ina mikondo miwili: elimu ya jumla, na elimu ya amali, ambamo mwanafunzi hujifunza fani kama umeme, ushonaji au kilimo pamoja na masomo ya kawaida. Kwa mzazi maana yake ni moja: uchaguzi uliokuwa ukimngoja mtoto mwisho wa kidato cha pili sasa unaweza kumkuta mlangoni mwa kidato cha kwanza. Swali la kumuuliza mkuu wa shule siku ya kuandikisha ni shule inafuata mkondo upi, na kama ni wa amali, fani ipi, na karakana ipo au bado.

Wenye watoto wa msingi wajiandae kwa jambo jingine. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamalizia darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028.

Nyaraka na mahali pa kuuliza

Jina la mtoto katika usajili wa mtihani lilingane, herufi kwa herufi, na cheti cha kuzaliwa. Tofauti ndogo ya tahajia isiyosumbua mtu kidato cha pili huwa kikwazo miaka minne baadaye, Bodi ya Mikopo inapodai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Asiye na cheti aanze kukifuatilia sasa, kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Mtaa kwa barua ya utambulisho.

Kwa ushauri wa masomo, mtu wa kwanza ni mwalimu wa taaluma au wa ushauri na unasihi shuleni. Wa pili ni Afisa Elimu Kata, anayepatikana katika ofisi ya kata. Na suala lisilopata ufumbuzi hapo hupelekwa Idara ya Elimu Sekondari ya Halmashauri ya Jiji la Arusha. Mzazi aende na matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, taarifa za mihula iliyopita, na karatasi yenye majina ya kozi mbili au tatu ambazo mtoto anazitamani. Mtoto mwenyewe awepo. Orodha ya masomo ikishakubaliwa, iandikwe, itiwe saini na pande zote, na nakala moja ibaki nyumbani.